Je, Wajua? Mundu Ndani ya Damu

Simama stendi ya Bomang'ombe asubuhi kabla jua halijachoma. Kaskazini barabara inapanda Sanya Juu. Kusini vumbi linashuka kuelekea Rundugai na chemchemi za Chemka. Mashariki ni Moshi, magharibi ni uwanja wa ndege wa Kilimanjaro na Arusha. Watu wa kihambani juu mlimani na watu wa tambarare wanakutana hapa, wanauziana ndizi na vitunguu, wanakopeshana, wanaoana. Safu ya leo ni ya jambo wanalopeana bila kuliona: herufi moja ya damu ambayo imemlinda mtu mmoja na malaria na kumlaza mwingine hospitali tangu utotoni.

*

Je, wajua kwa nini sikoseli inaitwa pia selimundu? Ni mundu huu huu wa kukatia majani ya ng'ombe. Kila jioni kina mama wanapandisha mizigo ya majani kutoka chini kwenda juu, mundu umechomekwa katikati ya mzigo, ncha yake iliyopinda imejitokeza. Chembe nyekundu ya damu kwa kawaida ni duara, laini, imebonyea katikati kama kitumbua kilichobanwa na kidole. Ya mgonjwa wa selimundu hujikunja ikawa kama ule mundu.

*

Je, wajua kosa lenyewe ni dogo kiasi gani? Himoglobini ndiyo inayobeba oksijeni na kuipa damu wekundu. Mnyororo wake mmoja, unaoitwa beta, ambao maelekezo yake yapo kwenye kromosomu ya 11, una asidi amino 146 zilizotungwa kama shanga. Kwenye selimundu imebadilika shanga ya 6 tu: mahali pa asidi ya glutamiki pamekaa valini. Na hiyo imetokana na herufi moja ya vinasaba, A iliyogeuka kuwa T. Shanga nyingine zote 145 ziko sawasawa.

*

Je, wajua shanga moja inawezaje kumwangusha mtu mzima kitandani? Valini haipendi maji. Chembe inapokuwa imeshusha oksijeni yake kwenye misuli, himoglobini zenye valini hutafutana, zikashikana na kujipanga kama fito ndefu ngumu. Fito hizo zinaisukuma chembe kutoka ndani hadi inapinda. Ikirudi mapafuni na kupata oksijeni, fito zinaachiana na chembe inanyooka. Ikipinda na kunyooka mara nyingi, siku moja hainyooki tena.

Aliyewahi kuzibua mfongo, ule mfereji wa maji wa uchaggani, anaelewa yanayofuata. Maji ya mfongo yanateremka vizuri kutoka mlimani, kisha tawi moja linakaa vibaya kwenye kona. Majani yananasa hapo, tope linafuata, na jirani wa chini anaona maji yamekata. Chembe zilizopinda hunasa hivyo hivyo kwenye mishipa myembamba. Sehemu ya mfupa, ya bandama, ya pafu, wakati mwingine ya ubongo, inakosa damu. Maumivu ya mgonjwa wa sikoseli ni kilio cha nyama iliyokosa maji ya mfongo. Mgonjwa akisema mifupa inamuuma, mwamini, hata kama kwa nje huoni kidonda wala uvimbe.

*

Wajua chembe nyekundu ya kawaida huishi takriban siku 120? Ya selimundu huishi kati ya 10 na 20. Uboho unatengeneza mpya usiku na mchana na bado haufikii. Ndiyo sababu damu iko chini daima. Na ule umanjano wa macho unaofanya watu wanong'one kwamba mtoto ana ini bovu, mara nyingi ni mabaki ya chembe zilizovunjika.

*

Wajua ugonjwa huu uliandikwa kwa mara ya kwanza katika jarida la kitabibu mwaka 1910, Chicago? Mgonjwa alikuwa Walter Clement Noel, mwanafunzi wa udaktari wa meno kutoka kisiwa cha Grenada. Daktari aliyeandika ni James Herrick. Afrika, mama zetu walikuwa wanauguza watoto wa aina hiyo maelfu ya miaka kabla ya Herrick kushika kalamu.

*

Maelfu mangapi? Mwaka 2018 watafiti Daniel Shriner na Charles Rotimi walisoma vinasaba vya watu wengi wenye herufi hii, wakahesabu kurudi nyuma. Makadirio yao: badiliko lilitokea mara moja tu, kwa mtu mmoja, yapata miaka 7,300 iliyopita, zama ambazo Sahara ilikuwa inapata mvua na kuota majani. Fikiria hilo ukiwa kwenye foleni ya kliniki. Mtoto wa Mwanza, wa Kinshasa, wa Lagos na wa Jamaika, wote wamerithi kutoka kwa babu au bibi mmoja.

*

Je, wajua fumbo la kwa nini herufi mbaya namna hii haikufutika lilifumbuliwa hapa hapa Afrika Mashariki? Anthony Allison alizaliwa Afrika Kusini akakulia shambani Gilgil, Kenya. Mwaka 1949, akiwa mwanafunzi Oxford, alikuja na msafara wa chuo hicho Mlima Kenya na kuanza kukusanya damu za watu, kutoka pwani hadi Ziwa Victoria. Akaona jambo la ajabu. Pwani na kandokando ya ziwa, zaidi ya watu 20 kati ya 100 walibeba herufi ya mundu. Kwenye nyanda za juu za Kenya, katikati ya maeneo hayo mawili, hakupata hata mmoja kati ya 100.

Kabila halikutosha kueleza hilo, wala lugha. Kilichofuatana na ramani yake ni mbu. Palipokuwa na malaria nyingi, herufi ilikuwa nyingi. Mwaka 1954 alichapisha maelezo yake: anayerithi herufi hii kutoka kwa mzazi mmoja tu haugui selimundu, na malaria kali inamwepuka. Anabaki hai, anazaa, herufi inaendelea.

Sehemu moja ya kazi hiyo inanisumbua kila nikiisoma. Ili kuthibitisha, Allison aliwaambukiza malaria kwa makusudi watu wazima 30 wa Kijaluo waliojitolea, 15 wenye herufi na 15 wasio nayo. Vimelea vilishika kwa 14 kati ya wasio nayo, na kwa 2 tu kati ya wenye nayo. Matokeo hayo yamo katika vitabu vya biolojia vya dunia nzima. Watu wale 30 walitoa damu na homa zao katika nchi iliyokuwa chini ya mkoloni, na majina yao hayafundishwi darasani. Wanaposifiwa wavumbuzi, nao wahesabiwe.

*

Wajua kwa nini mlima unakata malaria? Kimelea hatari cha malaria kinahitaji joto ili kikomae ndani ya mbu. Kwenye joto la nyuzi 28 kinamaliza kazi kwa siku kumi hivi. Joto likishuka chini ya nyuzi 16 hadi 18 hakikomai; mbu anakufa nacho kikiwa kichanga. Panda kutoka mashamba ya miwa ya TPC hadi Machame, na kila kona ya barabara inakupunguzia hatari.

*

Wazee wa uchaggani walilijua hilo kwa miguu yao. Kihamba, penye migomba, kahawa na makaburi ya wazee, kilikuwa juu. Shamba la mahindi na maharage lilikuwa chini, tambarare. Unashuka kulima, unapanda kulala. Nyumba hazikujengwa chini hadi vihamba vilipogawanywa vikawa vyembamba na vijana wakakosa pa kusimamisha hata jiko. Kwa karne nyingi, basi, watu wa juu hawakuwa na sababu kubwa ya kuitunza herufi ya mundu, na kwao imebaki chache kuliko pwani au kanda ya ziwa.

Hapo ndipo ninapoomba usikivu wa msomaji wa Hai, Siha na Rombo. Chache si sifuri. Na hata ingekuwa sifuri zama za babu, leo mwalimu wa Machame ameolewa na fundi wa Tanga, kijana wa Masama amerudi kutoka Mwanza na mchumba, na Bomang'ombe yenyewe ina watu wa kila mkoa. Kauli ya «huo si ugonjwa wa kwetu» nimeisikia mara nyingi hapa njia panda, na imechelewesha watoto. Mtoto analala hospitali mara tano kwa «malaria» na «typhoid», kwa sababu tu hakuna aliyefikiria kumpima sikoseli, maana ana jina la ukoo wa Kichagga.

*

Wajua mlima huu huu umetumika kusoma ndugu mwingine wa selimundu? Anaitwa alfathalasemia. Hapa himoglobini haijakosewa. Inatengenezwa pungufu, kwa sababu nakala moja au mbili za jeni ya alfa hazipo. Anayekosa moja au mbili kwa kawaida hajijui kabisa, labda damu iwe chini kidogo. Watafiti waliopima vijiji vya mikoa ya Kilimanjaro na Tanga katika miinuko tofauti walikuta hali hiyo ni ya kawaida zaidi palipozoea malaria nyingi, na inapungua unavyopanda. Damu zetu zinafuata mwinuko.

*

Hili ni la jina la mji wetu, Bomang'ombe, boma la ng'ombe. Mbu mkuu wa malaria eneo la Moshi chini, *Anopheles arabiensis*, hanywi damu ya watu peke yake. Ng'ombe naye anamfaa sana. Na kuna la mpunga: utafiti uliochapishwa mwaka 2002 ulilinganisha vijiji vya mpunga, vya miwa na vya nyika katika Moshi chini. Kijiji cha mpunga kilikuwa na mbu wengi zaidi, lakini maambukizi ya malaria yalikuwa machache kuliko nyikani.

*

Takwimu mbili za majirani. Uganda ilipima sampuli za watoto 97,631 kutoka kila wilaya na kutoa matokeo mwaka 2016: 13.3 kati ya kila 100 ni wabebaji, na 0.7 wana ugonjwa wenyewe. Bundibugyo, chini ya Ruwenzori, wabebaji ni zaidi ya 20 kati ya 100. Kwenye vilima vya kusini-magharibi ni wachache mno. Kanda ya ziwa ya Tanzania, watoto 17,200 walipimwa: wabebaji 20.3 kati ya 100, wagonjwa 1.2. Kwa darasa la chekechea lenye watoto themanini huko, hesabu hiyo ni karibu mtoto mmoja mgonjwa.

*

Je, wajua hesabu ya urithi? Kila mtu ana nakala mbili za jeni hii, moja ya baba na moja ya mama. AA ni mzima. AS ni mbebaji: ana nakala moja ya mundu, haugui. SS ni mgonjwa. AS akizaa na AA, hakuna mtoto atakayekuwa SS. AS akizaa na AS, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto SS.

Angalia neno «kila». Hapo ndipo familia nyingi zinapokosea. Rusha sarafu mbili juu: nafasi ya zote mbili kuangukia upande wa picha ni moja kati ya nne. Zirushe tena. Sarafu hazikumbuki zilivyoanguka mara ya kwanza. Wapo wazazi wenye watoto watano wazima ambao wa sita akawa SS, na wapo waliopata wagonjwa watatu mfululizo. Hawakulogwa, na hawakuvunja mwiko wowote.

Na sarafu ni mbili. Ya mama moja, ya baba moja. Bado kuna nyumba ambazo mtoto akikutwa na sikoseli, mama anarudishwa kwao na mizigo yake, eti ameleta damu mbaya kwenye ukoo. Mtoto hawezi kuwa SS bila baba naye kuleta nakala yake. Mama mkwe anayemfukuza mkaza mwana kwa sababu hiyo ajue kwamba nakala ya pili imetoka kwa mwanawe, na huenda mwanawe aliipata kwake yeye mwenyewe.

*

Wajua kwamba mbebaji AS hupunguziwa hatari ya malaria kali kwa takriban 90 kati ya 100? Ni kinga kubwa kuliko nyingi tulizozigundua kwa akili zetu.

Lakini SS hana kinga hiyo ya kumwokoa. Malaria inapomkuta mtoto ambaye damu yake tayari iko chini, inaimaliza haraka sana. Chandarua ni chake kabla ya mtu mwingine yeyote ndani ya nyumba.

*

Wajua kinga mbili zikikutana zinaweza kufutana? Mwaka 2005, watafiti wa Kilifi, pwani ya Kenya, wakiongozwa na Tom Williams, walionyesha kwamba mtoto mwenye AS analindwa na malaria, na mwenye alfathalasemia analindwa pia. Ila mwenye zote mbili kwa pamoja, kinga yake karibu inatoweka. Ni kama walinzi wawili waliowekwa lango moja, kila mmoja akidhani mwenzake ndiye anayeangalia.

Kilifi hiyo hiyo wana damu ya kundi adimu liitwalo Dantu. Mwenye nayo ana ngozi ya chembe nyekundu iliyokazwa zaidi, kama ngoma iliyowambwa vizuri, na kimelea cha malaria kinashindwa kupenya. Silvia Kariuki na wenzake walieleza hilo mwaka 2020.

*

Je, wajua kwa nini mtoto mwenye SS huzaliwa mnene, mchangamfu, bila dalili yoyote? Akiwa tumboni, mtoto hutumia himoglobini nyingine, ya kichanga, ambayo haina ule mnyororo wa beta kabisa. Kwa hiyo haijikunji. Baada ya kuzaliwa, mwili unaizima polepole na kuwasha ile ya ukubwani. Kuanzia miezi sita hivi mambo yanabadilika. Mara nyingi dalili ya kwanza ni vidole: mikono na miguu inavimba juu, inang'aa, mtoto hataki kuguswa. Bibi anafikiri ameumwa na mdudu. Anakandwa maji ya moto. Ikitokea, usiishie kwenye kukanda, mpeleke akapimwe.

Janet Watson, daktari wa watoto New York, ndiye aliyeshuku mwaka 1948 kwamba himoglobini ya kichanga inawalinda watoto hao. Swali likafuata: mbona kuna watu wazima wachache ambao bado wanayo nyingi, na selimundu yao ni nyepesi? Jibu limekuja miaka mingi baadaye, na Dar es Salaam ina mkono wake ndani.

Hospitali ya Taifa Muhimbili, chini ya Profesa Julie Makani, ilianza mwaka 2004 kufuatilia wagonjwa wa selimundu mmoja mmoja kwa miaka, hadi wakawa mojawapo ya makundi makubwa kabisa duniani katika kituo kimoja. Ripoti ya wagonjwa 1,725 wa kwanza ilisema wazi kwamba wanaokufa zaidi ni walio chini ya miaka mitano. Mwaka 2014, Siana Nkya Mtatiro na wenzake walichapisha utafiti wa vinasaba vya zaidi ya Watanzania 1,200 wenye ugonjwa huu, wakitafuta kinachomfanya mmoja abakize himoglobini ya kichanga na mwingine aipoteze. Walithibitisha kwamba jeni iitwayo BCL11A, kwenye kromosomu ya 2, ni moja ya swichi. Ikifanya kazi kwa nguvu, himoglobini ya kichanga inazimwa. Ikilegea, inabaki.

Kwa hiyo wagonjwa wawili wenye herufi ile ile moja, pengine ndugu wa tumbo moja, wanaweza kuishi maisha tofauti kabisa. Mmoja anacheza mpira, mwingine analazwa kila mwezi. Tofauti iko kwenye herufi nyingine za mbali, na kwenye mazingira pia. Tafadhali tusimwambie mgonjwa, «mbona fulani ana ugonjwa kama wako na anafanya kazi?»

Novemba 2023 Uingereza, na Desemba mwaka huo Marekani, ziliidhinisha tiba ya Casgevy. Wanachukua mbegu za damu za mgonjwa mwenyewe, wanailegeza swichi ile ile ya BCL11A, wanamrudishia. Bei iliyotangazwa Marekani ilikuwa dola milioni 2.2 kwa mtu mmoja. Wagonjwa wetu walichangia damu na miaka yao katika kuielewa swichi hiyo. Nitaendelea kuandika kuhusu bei hiyo hadi ishuke.

*

Wajua habari za wenzetu wa Oman? Karibu watoto 6 kati ya 100 huko wana nakala moja ya mundu. Ukisoma vinasaba vilivyoizunguka herufi hiyo, unakuta vya aina ya Kibantu, vya aina ya Benin, na vya aina ya Uarabuni na India, vyote katika nchi moja. Majahazi ya Zanzibar na Muscat yamo humo. Aina ya Uarabuni na India mara nyingi huja na himoglobini ya kichanga nyingi zaidi.

*

Je, wajua mzazi anaweza kuokoa maisha kwa vidole vyake? Bandama liko upande wa kushoto, chini ya mbavu. Kwa mtoto mwenye SS, chembe zinaweza kunasa humo ghafla, bandama likavimba na kumeza damu ya mwili kwa saa chache tu. Jamaika waliwafundisha akina mama kupapasa, na vifo vya aina hiyo vikapungua sana. Mlaze mtoto chali, mkunje magoti kidogo ili tumbo lilegee. Weka vidole bapa chini kushoto tumboni, panda navyo polepole kuelekea mbavu huku anavuta pumzi. Ukigusa ukingo mgumu kama wa parachichi bichi, kariri umefika wapi, au muulize muuguzi akupimie kwa upana wa vidole. Likiwa kubwa kuliko jana, na mtoto amepauka viganja na amelegea, usingoje asubuhi. Chukua bodaboda usiku huo huo.

*

Dawa mbili za bei nafuu. Penisilini ya vidonge, mara mbili kwa siku hadi miaka mitano: utafiti wa Marekani wa mwaka 1986 ulionyesha inapunguza maambukizi makali ya bakteria wa nimonia kwa 84 kati ya 100. Na haidroksiyurea, kidonge kinachomrudishia mgonjwa sehemu ya himoglobini yake ya kichanga. Ilijaribiwa kwa watoto 606 wa Angola, Kongo, Kilifi ya Kenya na Mbale ya Uganda. Maumivu yalipungua, kuongezewa damu kukapungua, malaria ikapungua kwa nusu hivi, na vifo vikashuka. Kidonge hiki kina ufuatiliaji wake wa vipimo vya damu, kwa hiyo kinaandikwa na daktari, hakinunuliwi kiholela duka la dawa.

*

Wajua Julai ni mwezi mgumu kwa mgonjwa wa sikoseli huku juu? Ukungu wa Machame haukatiki hadi saa tano asubuhi, na baridi inabana mishipa. Soksi, sweta, uji wa moto, maji mengi hata kama hana kiu. Mwalimu asimsimamishe mstarini na jasho la mchakamchaka, wala asimkatalie kwenda chooni: figo zake hazishiki maji, atakwenda mara nyingi, na kukojoa kitandani si uvivu.

*

Na hili ni la wapagazi na waongozaji wageni. Kileleni, mita 5,895, hewa ina takriban nusu ya oksijeni ya pwani. Mwenye SS hapaswi kupanda. Mbebaji AS kwa kawaida anaishi bila tabu, lakini imeandikwa mara nyingi kwamba baadhi yao, wakipanda juu ya mita 2,500 au 3,000, hupata maumivu makali upande wa kushoto chini ya mbavu: bandama limekosa damu. Wenzao hudhani ni kichomi au chakula cha jana. Ukiona hivyo njia ya Machame au Marangu, mshushe mara moja, na mwombe daktari ampime herufi yake. Kijana anayeingia kazi ya mlimani apimwe kabla, siku moja tu, kisha ajue.

*

Kituo cha Damu Salama cha Kanda ya Kaskazini kiko Moshi. Chupa moja unayotoa pale inaweza kuwa ya mtoto ambaye bandama lake limejaa usiku wa leo.

*

La mwisho, kipimo. Fundi maabara anachukua tone moja la damu, analichanganya kwenye kioo na dawa inayoondoa oksijeni, anafunika kwa kioo chembamba, anaziba kingo hewa isiingie, anasubiri. Nimewahi kuchungulia kwenye hadubini. Mwanzoni ni duara tupu, zimejazana kama dengu kwenye ungo. Baada ya muda moja inanyooka pembeni, nyingine inatoa ncha, na kabla hujapepesa macho vizuri uwanja wote umejaa mundu.

Jambo la kukumbuka ni kwamba kipimo hicho kinasema ndiyo kwa SS na kinasema ndiyo kwa AS pia. Hakitenganishi mgonjwa na mbebaji. Kinachotenganisha ni kipimo cha kuzipambanua himoglobini, kile cha umeme au cha mashine, na siku hizi kuna kile cha haraka kinachofanana na cha mimba.

Binti wa jirani yangu alipimwa zamani katika hospitali moja nisiyotaka kuitaja. Alipewa karatasi yenye neno moja, «chanya», na akaambiwa dirishani, watu wakisikia, kwamba ana sikoseli. Miaka ishirini na minne alikuwa hajawahi kulazwa hata siku moja. Posa ilikuwa imeshapokelewa. Mbege ilikuwa imeshanywewa. Upande wa mume wakaomba wapewe muda. Mama yake akaacha kwenda kanisani miezi miwili.

Shangazi yake mmoja, muuguzi mstaafu, alipoiona ile karatasi aliuliza swali moja: «Wamepambanua?» Wakashuka Moshi, yeye na mchumba wake, wakapimwa wote wawili siku ile ile. Binti AS, kijana AA. Wana watoto watatu sasa. Wa kwanza na wa tatu ni AA, wa kati ni AS kama mama yake, na kadi zao tatu zimekaa pamoja na vyeti vya ubatizo ndani ya bahasha moja, juu ya kabati.